Gari Dogo Lililojifunza Kuruka

Leo tuweke kando misimbo na hifadhidata. Nataka kuwasimulia historia ya kitu ambacho wengi wetu tulikiona utotoni na kukiita mchezo wa watoto wa matajiri: gari dogo la rimoti, lile la magurudumu manene na bawa mgongoni, linalopanda kilima cha udongo, likaruka hewani na kutua likiendelea na safari. Jina lake ni bagi. Ukidhani ni mchezo tu, nisubiri hadi mwisho wa makala.

Sababu ya kuandika ni hii. Miezi kadhaa iliyopita mimi na mdogo wangu tulichanga pesa tukanunua bagi ya mtumba, ya kipimo cha moja kwa kumi, yaani kila sentimita yake ni sentimita kumi za gari halisi. Nusu yake ya pesa ilikuwa akiba ya kazi ya likizo, kubeba magunia ya mboga sokoni, kwa hiyo haikuwa pesa ya kuchezea. Tukajenga kilima cha murram kwenye uwanja ulio nyuma ya mtaa, kwa jembe na magunia mawili ya udongo, na upande wa pili tukaweka kilima cha kutulia. Kati yao mita tatu. Kila tuliporusha gari, pua ilikwenda chini kama ndege aliyepigwa jiwe. Tulivunja mkono wa mbele mara nne. Mimi, msomi wa sayansi ya kompyuta, nikaamua tatizo ni nguvu, nikanunua mota kali zaidi. Gari likawa linavunjika kwa kasi zaidi. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, tuliuze kabla halijaisha lote."

Hapo ndipo nilipoamua kufanya kile ninachofanya programu ikinishinda: kurudi nyuma na kuuliza nani aliandika kitu hiki kwanza, na kwa nini alikiandika hivyo.

Mwanzo wenyewe ni gari la kweli. Mwaka 1964 Mmarekani Bruce Meyers, aliyekuwa akiishi California, alitengeneza bodi nyepesi ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, akaikalisha juu ya mitambo ya Volkswagen Beetle. Gari hilo likaitwa Meyers Manx. Mwaka 1967 yalifanyika mashindano ya Mexican 1000 katika jangwa la Baja California, Mexico, na washindi wa jumla, Vic Wilson na Ted Mangels, walikuwa ndani ya Manx. Walitumia zaidi ya saa 27. Kwetu hapa sifa za Beetle zilikuwa zimeshajulikana mapema zaidi. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na mwaka 1954 Vic Preston aliishinda akiwa na Volkswagen. Gari jepesi, injini nyuma juu ya magurudumu yanayosukuma, sasipensheni imara: huo ndio mchanganyiko unaopenda barabara mbovu.

Mwaka 1979 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ikachukua mchanganyiko huo na kuupunguza hadi moja kwa kumi. Tamiya ilikuwa imeanza na magari ya rimoti mwaka 1976 kwa Porsche 934, gari la kukimbia kwenye lami. Sasa ikatoa magari mawili ya mchangani, Rough Rider na Sand Scorcher, ambalo lilivaa bodi ya Beetle. Mhandisi wake, Fumito Taki, hakuridhika na kufananisha sura tu. Sasipensheni ya mbele ilikuwa na mikono inayoburutwa kama ile ya Beetle halisi, sehemu nyingi zilikuwa za chuma cha kumimina, na vifaa vya umeme vilikaa ndani ya kisanduku kilichofungwa maji yasiingie. Yalikuwa magari mazuri mno, lakini yalikuwa mazito. Yalitengenezwa kwa ajili ya kukimbia mchangani na kwenye madimbwi. Kuruka ilikuwa bahati.

Baadaye Tamiya ikatoa magari ya bei nafuu yaliyowafikia vijana wa kawaida. Mwaka 1983 ilikuwa Frog, na mwaka 1984 zikaja Grasshopper na Hornet. Hapa naomba uangalie kitu kimoja kidogo. Grasshopper haikuwa na mafuta ndani ya shokomzoba zake, ilikuwa na springi tu. Hornet ilipewa shokomzoba za mafuta upande wa nyuma. Ukiyarusha magari hayo unaelewa kwa nini mafuta ni jambo kubwa. Springi peke yake ni kama mpira: nguvu yote uliyoipa inakurudishia. Gari linatua, linadunda, linadunda tena, na wakati huo hakuna gurudumu linaloshika udongo. Huwezi kulipinda, huwezi kulifunga breki. Wewe ni mtazamaji tu mwenye rimoti mkononi.

Mwaka huohuo wa 1984, ng'ambo ya bahari, kampuni ya Team Associated ya California ikatoa RC10. Hii ndiyo gari iliyogeuza mambo. Associated haikuwa kampuni ya vitu vya kuchezea vya kupanga kabatini. Ilikuwa imeanza miaka ya 1960 ikitengeneza vipuri vya magari madogo ya mashindano. Roger Curtis, mmoja wa waanzilishi wake, ndiye aliyeongoza usanifu. Chasisi ilikuwa beseni la alumini lenye rangi ya dhahabu. Mikono ya sasipensheni ilikuwa ya nailoni, ambayo hupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Na kila pembe ya gari ilikuwa na shokomzoba ya alumini iliyojazwa mafuta, ambayo unaweza kuifungua, kubadilisha mafuta, kubadilisha springi, na kuifunga tena.

Naomba usipite haraka hapo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mapinduzi. Gari la awali lilikuja na tabia yake na ukaishi nayo. RC10 ilikuja na vigezo, na mwenye gari akapewa ruhusa ya kuvibadilisha. Kwa lugha ya kazi yangu, kile kilichokuwa kimeandikwa moja kwa moja ndani ya programu kiliwekwa kwenye faili la mipangilio.

Matokeo hayakuchelewa. Mwaka 1985 yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya bagi za umeme za moja kwa kumi, huko Del Mar, California. Jay Halsey alishinda daraja la magari yanayosukumwa na magurudumu mawili akiwa na RC10. Miaka miwili baadaye mashindano yakahamia Romsey, Uingereza, na daraja la magurudumu manne likachukuliwa na Mjapani Masami Hirosaka akiendesha CAT, gari la kampuni ya Kiingereza ya Schumacher. Mwenye kampuni, Cecil Schumacher, alikuwa mhandisi wa gia katika kampuni ya injini za mashindano ya Cosworth kabla ya kuanzisha yake huko Northampton mwaka 1980. Anajulikana zaidi kwa difu ya gololi: badala ya meno ya gia, ndani kuna gololi ndogo zilizobanwa kati ya visahani viwili, na unaikaza au kuilegeza kwa skrubu moja. Tena kigezo. CAT nayo ilikuwa na mikono mirefu ya sasipensheni, na mkono mrefu humpa gurudumu nafasi kubwa ya kupanda na kushuka.

Tamiya nayo ilijaribu kujibu mwaka 1988 kwa Avante, gari la kupendeza lenye vipande vingi vya chuma na sasipensheni iliyojaa viungo. Lilikuwa ghali na zito, na halikupata ushindi mkubwa uliotarajiwa. Sisi wa programu tunaijua hadithi hiyo vizuri. Kila mmoja wetu ana Avante yake kwenye diski kuu.

Sasa turudi kwenye uwanja wetu wa murram. Baada ya kusoma haya yote niliona aibu. Watu hawa hawakushinda kwa mota. Walishinda kwa mafuta na springi, na kwa kupima. Nikaanza kwa hesabu. Gari likishaacha kilima, umbali linaotua unategemea mwendo na pembe:

umbali = mwendo × mwendo × sin(2 × pembe) ÷ 9.81

Kilima chetu kina pembe ya digrii 20 na tunataka mita 3. Ukikokotoa, unapata mwendo wa karibu mita 6.8 kwa sekunde, yaani kilomita 24 hivi kwa saa. Gari litapanda sentimita 27 juu ya mdomo wa kilima na kukaa hewani kwa muda usiofika nusu sekunde. Kilomita 24 kwa saa! Mota ya zamani ilitosha kabisa. Pesa yangu ya mota mpya ilikwenda bure, na nilimwambia mdogo wangu hivyo.

Lakini nusu sekunde hiyo ina siri. Kama gari linaondoka kilimani huku mkia ukiinuka kwa digrii 90 kwa sekunde, litatua pua ikiwa imeshuka zaidi ya digrii 40 kutoka pale lilipoanzia. Huo ndio mkono wa mbele unaovunjika. Kwa hiyo swali la kweli halikuwa gari litafika vipi. Lilikuwa: nani anauinua mkia?

Nilipiga video kwa simu, fremu 240 kwa sekunde, nikaitazama polepole. Magurudumu ya mbele yanafika kwenye mdomo wa kilima kwanza na kuning'inia. Ya nyuma bado yako kwenye udongo, springi zimebanwa kwa uzito wa gari kupanda kilima. Kisha springi za nyuma zinafunguka ghafla na kuusukuma mkia juu, kama mtu aliyekupiga teke kwa nyuma. Kazi ya mafuta ni kuichelewesha springi inapofunguka. Na mafuta yangu hayakuwa yanachelewesha chochote.

Jibu nililipata kwa fundi mmoja mzee wa gereji anayetengeneza matatu karibu na kwetu. Nilimwonyesha gari, akacheka, kisha akalibonyeza mkia kwa kidole kimoja na kuliachia. Likadunda mara tatu.

"Kijana," akasema, "hata Nissan nikiibonyeza ikanirudisha mara mbili, shokomzoba imekufa. Umetia mafuta gani humu?"

"Ya cherehani, mzee."

Hakusema kitu. Alinitazama tu, akarudi chini ya gari lake.

Niliwaambia kuwa huu ni ungamo. Shokomzoba zilikuwa zinavuja nilipolinunua gari, nami nikajaza mafuta ya cherehani kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa nyumbani. Ni mepesi mno, na niliacha hewa ndani. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki. Pistoni ikipita kwenye povu haikutani na upinzani wowote. Niliagiza mafuta ya silikoni, ambayo huuzwa kwa namba za mnato. Nikabadilisha mipira yote ya kuzibia. Nikajaza polepole, nikaisukuma pistoni juu na chini hadi viputo vikaisha, nikasubiri dakika kumi, ndipo nikafunga. Mbele nikaweka namba 30. Nyuma nikaanza na 25, nikarusha mara kumi na kuandika matokeo. Nikaenda 30, mara kumi. Nikaenda 35, mara kumi. Kila mara nilibadilisha kitu kimoja tu. Springi sikuzigusa, betri sikuihamisha, kilima tulikisawazisha kwa jembe baada ya kila awamu.

Kwa mafuta ya cherehani tulikuwa tunatua vizuri mara 3 katika 20. Kwa namba 30 nyuma, mara 8 katika 10. Kwa 35 gari liliruka likiwa limenyooka kabisa, lakini kwenye matuta madogo ya kabla ya kilima magurudumu ya nyuma yalianza kurukaruka bila kushika, mwendo ukapungua, na mara mbili likaangukia kwenye pengo. Tukabaki na 30.

Hapo ndipo nilipoelewa ujanja mwingine wa mabingwa wale. Ndani ya shokomzoba kuna pistoni yenye matundu madogo ambayo mafuta hupitia. Mafuta mazito na matundu makubwa, au mafuta mepesi na matundu madogo, vinaweza kuhisiwa sawasawa ukisukuma kwa mkono. Kwenye kutua havifanani hata kidogo. Gari linapotua pistoni hukimbia mno, na matundu madogo hayawezi kuyapitisha mafuta haraka hivyo. Shokomzoba inakuwa ngumu kwa muda mfupi na tumbo la gari haligongi chini. Lakini ugumu huohuo unakuadhibu kwenye matuta ya ghafla. Hakuna jibu moja la kila uwanja. Ndiyo maana dereva hubeba kisanduku cha pistoni na chupa za mafuta, na ndiyo maana mpangilio wa asubuhi unaweza kukuangusha saa nane mchana: jua likipanda, mafuta hupungua mnato.

Kuna jambo la mwisho, nalo liko kwenye kidole chako. Gari likiwa hewani huwezi kubadilisha njia yake, ila unaweza kubadilisha mlalo wake. Ukivuta triga ya mwendo, magurudumu yanazunguka kwa kasi zaidi kwenda mbele, na gari lenyewe linajibu kwa kuzunguka upande wa pili: pua inapanda. Ukifunga breki, pua inashuka. Hapo nikawaonea huruma madereva wa Hornet, kwa sababu kidhibiti mwendo chake kilikuwa cha mkono wa chuma unaoteleza juu ya sahani, chenye hatua tatu tu. Kurekebisha pua kwa hatua tatu ndani ya nusu sekunde ni kazi. Vidhibiti vya kielektroniki vilileta mwendo laini, na miaka ya 2000 zikaja mota zisizo na brashi, betri za lithiamu na rimoti za masafa ya 2.4 GHz. Kosa letu la pili lilikuwa hapohapo: mdogo wangu alikuwa akiachia triga kwa hofu akifika mdomo wa kilima. Kuachia ni breki, na breki ni pua chini. Nilimwambia ashikilie mwendo uleule hadi magurudumu ya nyuma yaondoke. Siku hiyo alirusha mara 12 mfululizo bila kuvunja kitu. Habari ya kuuza gari haijatajwa tena.

Tangu RC10 ya 1984 karibu kila kitu ndani ya bagi kimebadilika. Mota za magari ya mashindano ya magurudumu mawili zimehama kutoka nyuma ya ekseli hadi katikati, alumini imechanganyika na nyuzi za kaboni, na viwanja vingi ng'ambo sasa vina zulia badala ya udongo. Lakini shokomzoba bado ni kopo, pistoni yenye matundu na mafuta ya silikoni. Tamiya ilirudisha Rough Rider mwaka 2009 kwa jina la Buggy Champ na Sand Scorcher mwaka 2010, na Associated ikarudisha RC10 mwaka 2013. Watu wazima walizinunua. Nadhani sababu si kumbukumbu za utotoni peke yake. Ni vitu vinavyofunguka. Kila skrubu inatoka, kila kipande kina namba, na likivunjika unaweza kujua kwa nini.

Simu iliyo mfukoni mwangu ina nguvu kuliko tarakilishi yoyote iliyokuwepo mezani kwa Roger Curtis mwaka 1984, na siwezi kuifungua bila kuiharibu. Mdogo wangu alijifunza mnato, hesabu ya mruko na nidhamu ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati kutoka kwa gari la mtumba na chupa ya mafuta. Mimi mwenyewe nilijifunza kwamba shahada yangu haikunizuia kununua mota nisiyoihitaji.

Jumamosi tunaongeza pengo hadi mita nne. Hesabu inasema mita 7.8 kwa sekunde, kilomita 28 kwa saa. Nimeshaagiza mikono miwili ya mbele, endapo hesabu itakataa.